Chuo Kilichokataa Kuuacha Mbacha Wake

Wazee wetu walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wengi wetu huitumia methali hii kwa mambo ya nyumba na ndoa, na ni wachache watakaofikiri kwamba yaweza kumfaa mtu anayesimulia habari za michezo katika vyuo vikuu vya Marekani. Lakini mimi, kila nikiyatazama yaliyokipata Chuo Kikuu cha Washington State tangu mwaka 2022, sioni kauli inayoyaeleza vyema kuliko hiyo.

Chuo hiki si kigeni kwetu. Ndicho alichosoma marehemu Henry Rono, kijana wa Kinandi aliyevunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978. Rekodi ya mita 5,000 aliivunja mjini Berkeley, California, mwezi wa Aprili. Ya mbio za kuruka viunzi na maji akaivunja Seattle mwezi wa Mei. Kisha akavuka bahari, akavunja ya mita 10,000 Vienna na ya mita 3,000 Oslo mwezi wa Juni. Kabla yake, Samson Kimobwa wa chuo hicho hicho alikwisha kuivunja ile ya mita 10,000 mwaka 1977. Baadaye akaja Bernard Lagat, aliyeiletea Kenya nishani ya shaba kutoka Sydney mwaka 2000 na ya fedha kutoka Athens mwaka 2004.

Itazame, msomaji, ile miji miwili ya mwanzo, Berkeley na Seattle. Yote ni miji ya vyuo vilivyokuwa vikishindana na Washington State mwaka baada ya mwaka katika jumuiya moja ya michezo. Rekodi mbili za dunia Rono alizivunja kwa majirani.

UJIRANI WA MICHEZO

Huenda mtu akauliza, jumuiya hiyo ni kitu gani? Kwetu sisi timu ikishika mkia katika ligi hushushwa daraja, na ikitia fora hupandishwa. Vyuo vya Marekani havina mpango huo. Vyenyewe huchaguana, vikaunda jumuiya, vikapangiana mechi za kandanda yao ya Kimarekani, mpira wa vikapu, riadha na mingineyo, kisha vikagawana fedha zinazolipwa na televisheni. Chuo hakishushwi. Huhama chenyewe kikialikwa kwingine, au huachwa na wenziwe. Kwa hiyo kuchagua jumuiya ni kama kuchagua mtaa wa kuishi. Unatazama nyumba na kodi yake, lakini pia unawachagua watakaokujia siku ya harusi na siku ya msiba.

Jumuiya ya vyuo vya pwani ya Pasifiki ilianzishwa Desemba 1915 na vyuo vinne, na Washington State kikaingia mwaka 1917. Mwaka 1959 ilivunjika kwa ugomvi. Vyuo vyenye nguvu vikaanzisha jumuiya nyingine, na Washington State kikawekwa nje hadi mwaka 1962 kilipokaribishwa tena. Jina lilibadilishwa mara kadhaa, na mwaka 2011 likawa Pac-12, kwa hesabu ya vyuo 12 vilivyokuwamo.

Ndipo ulipopita msala. Tarehe 30 Juni, 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kwamba vitahamia Big Ten, jumuiya iliyoanzishwa Chicago mwaka 1896. Mwezi wa Agosti mwaka huo Big Ten ikatangaza mkataba wa televisheni wa miaka 7, uliotajwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Julai 2023 Colorado kikaondoka. Tarehe 4 Agosti, kwa siku moja tu, vikatoka vyuo vitano: Oregon na Washington vikaifuata Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah vikaenda Big 12. Tarehe 1 Septemba vyuo vya Stanford na California vikapokewa katika jumuiya ya pwani ya Atlantiki, ilhali vyenyewe vinatazamana na Pasifiki. Hebu fikiri timu ya Mombasa iandikishwe katika ligi ya vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria, na wachezaji waambiwe wafike kwa wakati.

Katika vyuo 12 vikabaki viwili, Washington State na Oregon State.

Nisiwaonee waliohama. Mkono mtupu haulambwi, na idara ya michezo ya UCLA ilikuwa na nakisi ya makumi ya mamilioni ya dola. Kila mkuu wa chuo ana deni lake la kulipa na wafadhili wake wa kuwaridhisha, na mwamba ngoma huvutia kwake. Ninachosema ni kwamba hesabu yote ilifanywa kwa mchezo mmoja, ile kandanda yao, maana ndiyo inayonunuliwa kwa bei kubwa na televisheni. Mkimbiaji, muogeleaji na binti wa mpira wa wavu hawakuulizwa kama wataweza kuvuka bara zima katikati ya juma na kurudi darasani asubuhi.

Washington State hakikualikwa kokote na wakubwa, na sababu yake si fumbo. Kiko Pullman, mji mdogo wenye watu wapatao 30,000 katikati ya mashamba ya ngano, kilomita zinazokaribia 460 kutoka Seattle. Uwanja wake wa kandanda huweza kuwachukua watu wote wa mji ule. Lakini televisheni huhesabu nyumba zenye watazamaji, na Pullman nyumba ni chache.

NJIA PANDA

Basi wawili hao walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuhamia Mountain West, jumuiya ya vyuo vya magharibi yenye kipato kidogo zaidi, na kulizika jina la Pac-12. Ya pili ni kubaki katika nyumba tupu na kutafuta wapangaji. Njia hii ilikuwa na sharti gumu. Kanuni zinataka jumuiya ya kandanda ya daraja la juu iwe na vyuo vinane, na iliyopungukiwa hupewa muda wa miaka miwili tu kujaza idadi.

Kwanza walikwenda mahakamani kuamua nani mwenye nyumba. Novemba 2023 jaji wa wilaya ya Whitman, ambamo ndimo Pullman ilimo, aliamua kwamba wanaobaki ndio wenye kuiongoza jumuiya, si wale waliokwisha kutangaza kuondoka. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu kabisa ya jimbo ilikataa kuuingilia uamuzi huo. Hivyo jina na hazina vikabaki mikononi mwa wawili.

Mwaka 2024 walicheza mechi nyingi za kandanda kwa mapatano na Mountain West, na michezo mingine mingi wakaicheza kama wageni katika jumuiya nyingine. Mwaka 2025 wawili hao walikutana mara mbili katika msimu mmoja, jambo lisilo la kawaida kabisa katika kandanda ya vyuo, kama jirani aliyebakiwa na mlango mmoja tu wa kubishia hodi.

Lakini hawakuingia Mountain West. Waliwaita watu wa huko waje kwao. Septemba 2024 vikakubali vyuo vya Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State, kisha Utah State. Gonzaga, kilichoko Spokane karibu na Pullman na kisichocheza kandanda, kikafuata Oktoba. Juni 2025 Texas State kikatimiza nane wa kandanda, kwa msimu wa mwaka 2026. Naona haya kidogo kwa niaba yao, maana waliolalamikia safari ndefu za wenzao wamepata jirani Texas. Ndivyo haja inavyomfanya mtu.

GHARAMA YA KUBAKI

Je, walifanya vyema? Mimi nasema ndiyo, na nasema nikijua gharama yake. Waliobaki na jina hawakubaki na fedha. Juni 2025 Washington State kilitangaza kufuta mitupo na miruko yote katika riadha yake, na kupunguza nafasi za mbio fupi na za viunzi. Warusha mkuki, tufe na kisahani, na waruka juu, wakaambiwa mlango umefungwa. Mbio ndefu zikaachwa. Mlango alioingilia Rono ungali wazi, lakini chumba kimekuwa kidogo.

Hata ule utani wao wa zamani na Chuo Kikuu cha Washington, unaochezwa tangu mwaka 1900, sasa unasimama kwa mkataba wa kufikia mwaka 2028. Zamani ulikuwa ukifunga msimu. Mwaka 2024 ulichezwa Septemba mjini Seattle, na walioachwa wakawashinda walioacha, 24 kwa 19. Pullman walifurahi, lakini ushindi ule haukuwarudishia senti moja.

Rono alifariki Februari 2024, miezi michache kabla ya jumuiya aliyoikimbilia kutawanyika rasmi. Vijana wetu wanaendelea kuitwa na vyuo vya huko, na wazazi hufurahi wakiona barua ya ufadhili. Nami nawaomba waulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi: chuo hiki kiko katika jumuiya gani, kina mpango wa kuhama, na mchezo wa mwanangu utakuwapo mwaka wa nne? Kocha anayeshindwa kujibu huenda si mwongo. Huenda naye anangoja kuambiwa.