Haja ya Mtoto Mchanga na Minyoo ya Uani

Katika nyumba nyingi za mashambani, mtoto mdogo akijisaidia nyuma ya jiko, mama au dada yake huichota haja ile kwa jembe, huitupa migombani, na mambo yamekwisha. Husemwa kwamba haja ya mtoto mchanga haina neno, kwani chakula chake ni maziwa na uji tu. Choo kimechimbwa kwa ajili ya watu wazima. Desturi hii ni ya zamani na haina nia mbaya. Lakini ndiyo inayowarudishia watoto minyoo kila mara dawa inapoitoa.

Minyoo mikubwa ya mviringo, ile myeupe ifananayo na nyungunyungu, hukaa katika utumbo mwembamba. Jike huweza kufika urefu wa sentimita 30 na kutaga mayai kama 200,000 kwa siku moja. Mayai hayo hayaonekani kwa macho. Yanapotoka pamoja na haja hayawezi kumdhuru mtu siku ile ile. Yahitaji kulala katika udongo wenye unyevu na kivuli kwa majuma mawili, matatu, au zaidi, mpaka kijidudu kikue ndani ya yai. Baada ya hapo yaweza kungoja kwa miaka. Basi mzazi anayepatazama mahali palipotupwa haja mwezi uliopita, akaona pamekauka na majani yameota, asidhani kwamba pamekuwa safi. Wakati huo ndipo hatari imeiva.

Mtoto wa miaka miwili huishi karibu sana na ardhi. Hutambaa juu yake, huichezea, hutia vidole kinywani, na ndizi yake ikianguka huiokota na kuendelea kula. Wako pia watoto wanaopenda kula udongo wenyewe, kama wanavyowaona mama zao wakati wa mimba. Yai likimezwa hupasuka utumboni. Kijidudu hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika damu, hufika mapafuni, hupanda mpaka kooni, kisha humezwa mara ya pili. Ndiyo maana mtoto mwingine hukohoa na wazazi wakadhani ni baridi. Tangu yai kumezwa hadi mnyoo mpya kuanza kutaga hupita miezi miwili au mitatu tu.

Katika sehemu za magharibi mwa Kenya wako wazee waliokuwa wakisema kwamba minyoo ni mali ya tumbo, na kwamba ndiyo inayosaga chakula. Wengine hulaumu sukari na pipi. Sukari haitagi mayai. Na minyoo haimsaidii mtoto kusaga chochote: hula chakula chake, na ikiwa mingi sana huweza kujifunga pamoja kama fundo na kuziba utumbo, jambo ambalo huhitaji kupasuliwa hospitalini. Safura ni jambo lingine. Hiyo huingia kwa ngozi ya miguu isiyo na viatu na kunyonya damu, nayo huwapata zaidi watoto wakubwa na watu walimao pekupeku.

Kuhusu dawa, Kenya imefanya kazi kubwa. Katika wilaya ya Busia, tangu mwaka 1998, watoto wa shule 75 waligawanywa katika mafungu na kupewa dawa ya minyoo kwa zamu. Kutohudhuria shule kulipungua kwa kiasi cha robo, na hata watoto wa jirani ambao hawakumeza dawa walipata nafuu, kwa kuwa mayai yaliyotupwa ardhini yalikuwa yamepungua. Mwaka 2009 serikali ilianza kutoa dawa shuleni katika sehemu nyingi za nchi. Lakini mtoto wa miaka miwili hayuko shuleni. Yeye hana budi kupelekwa zahanati. Dawa hutolewa kuanzia umri wa miezi 12, mara moja kila miezi sita, na kuandikwa katika kitabu cha mama na mtoto. Aliye chini ya miaka miwili hupewa nusu ya kidonge cha albendazoli cha miligramu 400, nacho husagwa na kuchanganywa na maji safi. Mtoto anayelia asibanwe pua ili ameze, aweza kupaliwa.

Hata hivyo dawa haifiki udongoni. Katika vijiji vya Bungoma, Kakamega na Vihiga familia nyingi zilifuatiwa miaka michache ili ionekane ni jambo gani hasa litakalopunguza minyoo. Pale palipotengenezwa choo peke yake, minyoo ya mviringo haikupungua. Pale palipounganishwa choo, maji ya kunywa yaliyotiwa dawa, na kunawa mikono kwa sabuni, ilipungua kwa kama sehemu moja ya tano. Kwa kazi nyingi kiasi hicho, wengine wataona faida ni ndogo. Lakini hupatikana bila kungoja siku ya kidonge.

Wanaume hupenda kusema kwamba haja ya mtoto ni shauri la wanawake. Lakini shimo huchimbwa na wanaume, na sakafu ya choo ikiwa ya udongo uliolowana, au tundu lake likiwa pana hata mtoto akaogopa kutumbukia, hakuna mama atakayeweza kumlazimisha. Sakafu ya saruji iliyolainishwa, yenye tundu dogo, huoshwa upesi. Choo kikijaa kichimbwe kingine. Kilichomo kisitandazwe juu ya sukuma wiki. Karibu na mlango wa choo hutosha mtungi wa plastiki ulioning'inizwa kwa kamba, wenye tundu la msumari na kipande cha sabuni pembeni.

Kwa yule asiyeweza bado kuchuchumaa chooni, poti ya dukani ni nzuri, lakini kopo la zamani la mafuta ya kupikia hufaa vilevile, likikatwa kwa kimo cha mtoto na makali ya mdomo wake kukunjwa kwa nyundo. Majivu kidogo hutiwa chini ili haja isigande. Kisha humwagwa chooni, kopo husuuzwa, na maji yale ya kusuuza nayo humwagwa humo humo chooni, si migombani.