Kambi Kando ya Ziwa Itasca, Mto Mississippi Unapoanzia

Ziwa Itasca liko kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, katikati ya msitu wa misonobari. Si ziwa kubwa. Eneo lake halifiki kilomita tano za mraba, na umbo lake ni la mikono mitatu iliyokutana katikati. Kwenye ncha ya mkono wa kaskazini maji hupita juu ya mstari wa mawe na kuingia katika kijito chenye upana wa mita tano na ushee, ambacho mtoto hukivuka kwa miguu maji yakimfika magotini. Kijito hicho ndicho Mto Mississippi. Kutoka hapo, takribani mita 450 juu ya usawa wa bahari, mto huanza safari ya kwenda Ghuba ya Meksiko. Urefu wa safari hiyo hutajwa kuwa kati ya kilomita 3,700 na 4,100, kutegemea nani amepima na lini, kwa kuwa mto hubadilisha kona zake. Maji yanayoondoka Itasca huchukua miezi mitatu hivi kufika baharini.

Ziwa na msitu unaolizunguka ni Hifadhi ya Jimbo ya Itasca, yenye hekta zipatazo 13,000 na maziwa zaidi ya 100, mengi yakiwa madogo na yasiyofikiwa na barabara. Hifadhi ya jimbo, kwa utaratibu wa Marekani, humilikiwa na kuendeshwa na serikali ya jimbo, si serikali kuu ya Washington. Hapa ni Idara ya Maliasili ya Minnesota inayopanga ada, kuajiri walinzi na kutunza vyoo. Anayezijua hifadhi za taifa za Afrika Mashariki, ambako sehemu kubwa ya matembezi hufanyika ndani ya gari, ataona tofauti mara moja: Itasca ni mahali pa kushuka garini, kusimika hema, kupika, kuogelea na kutembea msituni bila mwongozaji. Kwa familia nyingi za kipato cha kawaida jimboni humo, hii ndiyo likizo yenyewe.

Muda mrefu kabla ya hifadhi, watu walikwishakaa hapa. Mwaka 1937, mafundi wa barabara walifukua karibu na ziwa mifupa ya nyati wa kale, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wawindaji waliwaua wanyama hao wakivuka maji miaka ipatayo 8,000 iliyopita. Baadaye eneo likawa la Waojibwe, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika, ambao hadi leo, mwishoni mwa kiangazi, huvuna mpunga wa mwituni katika maziwa ya kaskazini mwa Minnesota: mmoja husukuma mtumbwi kwa upondo, mwenzake huinamisha mashuke kwa kijiti na kuyapiga taratibu kwa kijiti cha pili, punje zikianguka ndani ya mtumbwi na nyingine zikirudi majini kuwa mbegu ya mwaka unaofuata.

Vitabu vingi viliandika kwamba chanzo cha Mississippi kiligunduliwa mwaka 1832 na msafiri Henry Schoolcraft. Ukweli ni kwamba Schoolcraft alipelekwa. Aliyemwongoza ni Ozaawindib, kiongozi wa Kiojibwe aliyelijua ziwa hilo vizuri na aliyechora njia ya mitumbwi ya kulifikia. Nusu karne baadaye msafiri mwingine, Willard Glazier, alitangaza kwamba chanzo cha kweli ni ziwa dogo lililo jirani, akalipa jina lake mwenyewe. Mabishano yakawa makali, na Jumuiya ya Historia ya Minnesota ikamtuma mpima ardhi Jacob Brower kumaliza utata. Brower alipima vijito na maziwa yote ya bonde lile na kuthibitisha kwamba Itasca inastahili heshima yake. Lakini alipokuwa akipima, aliona pia makampuni ya mbao yakisogea, akatambua kwamba misonobari mikubwa ya hapo isingedumu. Alipigania sheria ya kuilinda. Mnamo tarehe 20 Aprili 1891 ilipita kwa tofauti ya kura moja tu, na Itasca ikawa hifadhi ya kwanza ya jimbo katika Minnesota.

Sheria haikusimamisha misumeno. Sehemu ya ardhi ndani ya mipaka ilikuwa bado mikononi mwa watu binafsi, na ukataji uliendelea kwa karibu miaka 30. Makampuni yalijenga bwawa kwenye mdomo wa ziwa ili kuyainua maji na kuyaelekeza magogo mtoni, na maji yaliyopanda yakaizamisha mizizi ya miti ya ufukweni. Mwaka 1903 msimamizi wa hifadhi alifariki, na binti yake Mary Gibbs, mwenye umri wa miaka 24, akateuliwa kushika nafasi yake. Alikwenda bwawani kudai milango ifunguliwe. Wakamkabili wanaume wenye bunduki, wakitishia kumpiga risasi yeyote atakayegusa mitambo. Mary Gibbs aliweka mkono wake juu ya mitambo hiyo, na hakuna aliyefyatua. Hakudumu katika kazi hiyo, kwa sababu wenye mbao walikuwa na nguvu kubwa za kisiasa, lakini kituo cha wageni kilicho hatua chache kutoka chanzo cha mto kinaitwa kwa jina lake, na anastahili.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawalijui wanapopiga picha wakiwa wamesimama juu ya mawe yale. Baada ya miaka ya mabwawa na magogo, mdomo wa ziwa ulikuwa umegeuka kinamasi cha matope. Katika miaka ya 1930, vijana wa vikosi vya kazi vilivyoundwa na serikali ya Rais Franklin Roosevelt wakati wa mdororo mkuu wa uchumi walikijaza udongo, wakachimba mkondo mpya, wakajenga kizuizi kidogo cha zege na kukifunika kwa mawe. Hivyo hata mahali panapoonekana kuwa pa asili kuliko pote pamejengwa upya kwa mikono. Vijana hao hao walijenga nyumba za magogo na mawe zinazotumika mpaka sasa. Hifadhini upo pia mnara wa kuangalizia moto wa Aiton Heights, wenye urefu wa mita 30, ambao mgeni mwenye pumzi huupanda ili aone maziwa yakimetameta kati ya vilele vya miti.

Viwanja viwili vya kambi vinavyofikika kwa gari vinaitwa Pine Ridge na Bear Paw, na kwa pamoja vina nafasi zaidi ya 200. Kila nafasi ina namba, sehemu ya kuegesha gari, meza ya mbao yenye mabenchi na pete ya chuma ya kuwashia moto. Baadhi zina umeme kwa ajili ya karavani. Nyingine ni za mahema tu na ndizo tulivu zaidi. Mabafu yenye maji ya moto yako karibu. Ndani zaidi msituni kuna nafasi chache zinazofikiwa kwa miguu, na huko kila kitu hubebwa mgongoni: hema, begi la kulalia, jiko dogo la gesi, sufuria, chujio la maji. Asiyetaka hema hukodi chumba katika Douglas Lodge, nyumba ya wageni ya magogo iliyojengwa mwaka 1905, au kibanda cha familia. Nafasi za wikendi za Julai na Agosti huisha mapema, hivyo kufika bila kuweka nafasi ni kubahatisha.

Hema linataka kuangaliwa kabla ya kusimikwa. Ardhi ikiwa na bonde, hata dogo, mvua ya radi ya usiku mmoja italijaza maji; mwinuko mdogo ni bora kuliko nyasi laini zilizo chini. Kisha macho yaelekee juu: tawi kavu lililokwama kwenye msonobari linaweza kushuka upepo ukivuma. Hata Julai baridi ya usiku huuma, na aliyezoea joto la pwani atahitaji sweta na soksi nzito ndani ya begi la kulalia. Mbu hukithiri Juni na Julai, hasa jua likizama. Kupe wa miguu myeusi ni hatari zaidi kwa sababu hueneza ugonjwa wa Lyme. Kinga yake ni suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, dawa ya kufukuza wadudu, na ukaguzi wa mwili mzima kila jioni, nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nywele, kwa kuwa kupe mchanga ni mdogo sana kuonekana kwa haraka.

Kuhusu kuni, masharti ni makali na yana sababu. Hairuhusiwi kuokota matawi yaliyoanguka, kwa maana gogo linalooza ni makazi ya wadudu na chakula cha miche. Wala hairuhusiwi kuja na kuni za nyumbani. Mbawakawa wa rangi ya zumaridi, aliyeingia Amerika Kaskazini kutoka Asia, ameangamiza mamilioni ya miti, na husafiri akiwa kiluwiluwi chini ya magome ya kuni za wapiga kambi. Kwa hiyo hununuliwa kuni zilizoidhinishwa, huchomwa ndani ya pete ya chuma, na moto huzimwa kwa maji, majivu yakikorogwa kwa kijiti na kumwagiwa tena mpaka mkono uweze kuyagusa bila kuungua. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo ya maana kuliko zote.

Dubu weusi wapo. Ni waoga kwa binadamu, lakini pua zao ni kali mno, na dubu akishajifunza kwamba hemani kuna chakula, mara nyingi mwisho wake huwa kuuawa. Kwa hiyo chakula chote, pamoja na dawa ya meno na sabuni yenye harufu, hufungiwa ndani ya gari. Kwenye kambi za miguu, mfuko huning'inizwa kwa kamba kati ya miti miwili, zaidi ya mita tatu kutoka ardhini. Mabaki hayazikwi, hurudi na mwenyewe.

Ziwani, chombo kinachofaa kuliko vyote ni mtumbwi wa kafi. Maji ni matulivu asubuhi kabla ya upepo, na hapo ndipo huonekana luni, ndege mzamiaji mwenye madoa meupe mgongoni na macho mekundu, ambaye ni alama ya jimbo. Sauti yake ya usiku, ndefu na ya kuomboleza, humshtua anayeisikia mara ya kwanza. Mtumbwi ukimkaribia akiwa na vifaranga, humlazimu kuwaacha, kwa hiyo ni adabu kukaa mbali. Tai mwenye kichwa cheupe hukaa kwenye misonobari ya ufukweni akivizia samaki. Wavuvi hutafuta woleye, samaki mwenye macho yanayong'aa gizani na nyama nyeupe isiyo na shombo kali, ambaye Minnesota wamemfanya samaki wao wa jimbo. Sheria inamtaka kila mtoto aliye chini ya miaka 10 avae jaketi okozi chombo kikiwa safarini. Chombo kikitolewa majini husafishwa majani yote, humwagwa maji na hubaki kikiwa kimezibuliwa barabarani, ili kome na magugu vamizi visihamie ziwa jingine.

Kwa watembeaji kuna njia za zaidi ya kilomita 70, na kwa baiskeli kuna mzunguko wa kilomita 27 unaounganisha njia ya lami ya ufukweni na barabara ya porini. Njia hizo zinapita kati ya misonobari myekundu, baadhi ikiwa na zaidi ya miaka 250, yenye magome yaliyopasuka vipande vipana vya rangi ya kutu. Miti hii ilizaliwa na moto: mbegu yake huota vizuri pale ardhi ilipoungua, majani makavu yakaondoka na jua likaingia. Kwa miongo mingi kila moto ulizimwa, na uwindaji ulipopigwa marufuku kulungu wakaongezeka wakala miche yote. Wazee wakabaki bila wajukuu. Sasa wasimamizi huchoma sehemu za msitu kwa mpango. Kila vuli huivisha miche ya misonobari myeupe kofia: karatasi ndogo hukunjwa kuzunguka chipukizi la juu na kubanwa kwa stepla, ili kulungu wa majira ya baridi asilipate. Kazi hii hurudiwa mche kwa mche, mwaka hadi mwaka, mpaka mti uzidi kimo cha mnyama. Anayetembea Itasca na kuona vikaratasi vyeupe msituni asidhani ni taka.

Kutoka Minneapolis hadi hapa ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Vitongoji vya kaskazini mwa jiji hilo, kama Brooklyn Park, vina Wakenya wengi, na kwao hii ni safari ya wikendi inayowezekana kabisa: Ijumaa mchana kuelekea kaskazini, Jumapili kurudi. Gari huhitaji kibali cha hifadhi, cha siku au cha mwaka, na kile cha mwaka hutumika katika hifadhi zote za jimbo. Mwisho wa Septemba, mbu wakiwa wameisha na majani yakigeuka njano na nyekundu, ndio wakati mzuri kuliko wote kwa anayeweza kuchagua. Kuanzia Desemba ziwa huganda, joto hushuka mara kwa mara chini ya nyuzi 20 za baridi, na hifadhi hubaki wazi kwa wanaoteleza kwa ski na wanaotembea kwa viatu vya thelujini. Barafu kwa kawaida huondoka mwishoni mwa Aprili.