Nipeni Mji

Kitendawili!

Tega!

Nimezaa saba, napika kibaba kimoja.

Papai? Papai lini likapika, wewe! Kuku? Hapana. Haya, mmeshindwa. Nipeni mji.

Mmenipa Ruangwa? Ahsanteni, mji mzuri, una timu yake ya mpira, Namungo, na uwanja wake. Basi nilikwenda Ruangwa, nikafika, nikakaribishwa uji. Aliyenikaribisha ni bibi kizee, na jibu la kitendawili ni yeye. Watoto wake saba wametawanyika: Dar es Salaam, Mtwara, Lindi mjini. Simu wanapiga, hela wanatuma. Njaa hana. Ila kibaba chake anakipika peke yake na kukila peke yake, na msimu wa korosho ukifika, majirani wakihamia mashambani, hata wa kumpigia hodi hakuna.

Mtasema, si ahamie Dar? Alikwenda. Wiki ya pili akaomba nauli ya kurudi. Kule, anasema, watu wanapita bila kuamkiana.

Sisi wakubwa tukimkumbuka mzee tunakimbilia sukari na sabuni. Pelekeni, si vibaya. Lakini ukipeleka sukari atakushukuru, nawe utaaga. Peleka swali uone kama utaondoka kabla ya magharibi!

Ninyi watoto wa Nachingwea ndio msiseme hamna la kuuliza. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Tanganyika mwaka 1947, ulifika mpaka hapo kwenu na mitambo yake, na mwaka 1951 wenyewe wakaukatia tamaa. Treni nayo ilikuwapo. Miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mwaka 1958 sasa anakaribia 80. Mwendeeni. "Shikamoo babu. Treni ilikuwa inapita wapi?" Atatafuta bakora yake ainuke akawaonyeshe. Mwingine mumwulize habari za wapiganaji wa FRELIMO, waliokuwa na kambi yao Nachingwea wakijiandaa kuikomboa Msumbiji. Akirudia habari ileile mara tatu, msicheke. Ya tatu huwa na jambo alilolisahau mwanzo.

Na yule bibi wa Ruangwa? Watoto wa jirani walimwendea jioni moja, akawategea kitendawili. Wakashindwa. Akadai mji, wakampa Dar es Salaam.

"Huo siutaki," akasema. "Nipeni mwingine."