Nyamaza Kwanza, Ndipo Uigize

Ukimwambia mtu aigize papo kwa papo, bila andiko, aghalabu hudhani amepewa ruhusa ya kufanya lolote: apayuke, akodoe macho, aanguke chini watu wacheke. Katika shule ya uigizaji aliyoifungua Mfaransa Jacques Lecoq jijini Paris mwezi Desemba 1956, mwanafunzi mwenye dhana hiyo alinyang'anywa silaha zake moja baada ya nyingine. Yalianza kuondoka maneno, kisha uso.

Lecoq, aliyezaliwa mwaka 1921, alitokea kwenye michezo. Alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na jimnastiki ndiyo iliyomfunza kwamba kila mwendo una chimbuko lake mwilini na mahali unapoishia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alijiunga na kikundi cha maigizo cha Jean Dasté mjini Grenoble, akakutana na kazi ya vinyago. Mwaka 1948 akaenda Italia, akakaa miaka minane. Huko alishirikiana na mchongaji Amleto Sartori wa Padova, aliyekuwa akifufua ufundi wa zamani wa vinyago vya ngozi.

Mazoezi ya mwanzo shuleni kwake hufanywa kimya. Unarudi, baada ya miaka mingi, kwenye chumba ulichokulia. Unafungua mlango, unatazama huku na huku, na ghafla kumbukumbu moja inakuzukia. Basi. Hakuna kueleza kwa vidole wala kuchezesha midomo kana kwamba sauti imekatika, kwa sababu mtu huyo hasemi tu kwa vile bado hana haja ya kusema. Mwanafunzi akianza kuchora hewani umbo la kitanda ili sisi tujue ni kitanda, ameshatoka chumbani na kuja kutuhutubia.

Kisha huja kinyago tulivu, kile ambacho Lecoq na Sartori walihangaika nacho pamoja. Ni cha ngozi, kikubwa kidogo kuliko uso wa anayekivaa. Hakicheki, hakinuni, hakishangai. Ukikivaa huwezi tena kujificha nyuma ya nyusi na tabasamu, na papo hapo watu wanaanza kuuona mwili wako: kumbe mabega yamepanda hadi karibu na masikio, kumbe kidevu kimetangulia, kumbe vidole havitulii. Mcheza mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, hahitaji kuambiwa hili. Anajua kwamba kinyago kisipochezwa na mwili mzima ni ubao tu.

Zoezi mashuhuri la kinyago hiki ni la kuaga. Rafiki yako anaondoka kwa meli kwenda mbali mno, na huenda msionane tena. Unakimbia hadi ukingoni mwa gati, unampungia mkono. Wengi hukimbilia huzuni: kichwa kinainama, mkono unashika kifua, magoti yanalegea. Kinyago kinawaumbua hapo hapo, maana mtazamaji haoni meli, anaona mtu anayejionea huruma. Mwingine akiingia na kuiona meli kweli, shingo huifuata, kifua kikafuata shingo, na mkono ukapanda wenyewe kwa kuwa umbali unazidi. Huyu hajaigiza huzuni hata kidogo, lakini sisi tuliokaa ndio tunaoisikia.

Mwalimu hapa haonyeshi namna ya kufanya. Angeonyesha, darasa zima lingemwiga yeye. Hukataa tu kile asichokiamini, na mwanafunzi hujitafutia kilichobaki. Ni njia inayochosha, na nadhani kwa wengine inavunja moyo.

Sambamba na hayo kuna mafunzo makavu ya mwendo, na msingi wake ni mambo mawili, kusukuma na kuvuta. Wanafunzi huchambua kazi za mikono kama vile kusukuma mashua kwa upondo. Anayejua kazi hiyo hatumii mikono peke yake. Nguvu hutoka kwenye nyayo, ikapanda magotini, kiunoni, mgongoni, ndipo ikafika viganjani, na mwili wote ukapita kama wimbi. Baadaye huigizwa moto, maji, mafuta, karatasi inayokunjwa, sukari inayoyeyuka. Yote hayo hurudishwa kwa binadamu: unapata mzee anayeyeyuka taratibu mbele ya mwenye nyumba anayemdai kodi. Vichekesho vingi vya runinga zetu vingekufa sauti ikizimwa. Mzee huyo angeendelea kuchekesha.

Kuchekesha kwenyewe Lecoq alikugundua kwa njia ya ajabu. Miaka ya 1960 aliwaketisha wanafunzi kwa duara, akawataka waingie mmoja mmoja kuwachekesha wenzao. Walijaribu vituko, wakajipindua, wakabuni utani, na hakuna aliyecheka. Alipowasimamisha wakarudi kukaa, wamefadhaika, hawajui waweke wapi nyuso zao. Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Tangu hapo kazi ya mchekeshaji shuleni hapo ikawa kuutafuta udhaifu wake mwenyewe, kwa msaada wa pua nyekundu, ambayo Lecoq aliiona kuwa kinyago kidogo kuliko vyote.

Miongoni mwa waliopita kwake ni Ariane Mnouchkine wa kikundi cha Théâtre du Soleil, Simon McBurney wa kikundi cha Complicité, na Julie Taymor, aliyeiongoza The Lion King kwenye jukwaa la Broadway mwaka 1997. Kinyago cha Mufasa, mfalme simba wa igizo hilo, hakimfuniki mwigizaji, kinakaa juu ya kichwa chake; akiinama, simba anashuka, akiinuka, unauona uso wa mtu. Wapo wanaolalamika kwamba wahitimu wa shule hiyo hutambulikana kutoka mbali kwa mtindo wao, na lalamiko hilo lina ukweli.

Kwa kikundi cha mtaani, cha kuazima kwanza ni utaratibu ulioingia shuleni mwaka 1968: wanafunzi hupewa mada, hujipanga kwa makundi, hufanya kazi peke yao bila mwalimu, na mwisho wa wiki huonyesha walichopata mbele ya shule nzima. Ukumbi wa kanisa au uwanja wa shule ya msingi unatosha, na vinyago mnaweza kutengeneza kwa karatasi na gundi. Mada iwe ya kawaida, tuseme foleni ya maji. Wiki za kwanza pasiwe na neno hata moja, na siku ya kuonyesha awepo mbele mtu mmoja mgumu kuridhika, mwenye ruhusa ya kusimamisha igizo na kusema, "Sijaiona hiyo ndoo."