Ulemavu wa akili haumzuii mtoto kukimbia kwa kasi

UKIMWONA mtoto aliyechelewa kuongea, kusoma au kuvaa mwenyewe, ni rahisi kudhani kwamba hata miguu yake ina kasoro. Ndiyo maana siku ya michezo wengi wao hukalishwa pembeni walinde viatu vya wenzao. Msomaji wangu, dhana hiyo si sahihi, na inawaharibia watoto hawa afya.

Septemba 2024 jijini Paris, Deepthi Jeevanji wa India alitwaa medali ya shaba ya mita 400 katika Michezo ya Paralimpiki kwa sekunde 55.82. Mei mwaka huo, mjini Kobe, Japani, alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia kwa sekunde 55.07. Alikimbia katika kundi la T20, la wanariadha wenye ulemavu wa akili. Ni binti wa vibarua wa kijijini, na utotoni alichekwa na majirani. Vijana wengi wasio na ulemavu wowote hawaufikii muda huo.

Tatizo liko wapi?

Ulemavu wa akili unagusa uwezo wa kuelewa, kukumbuka na kuamua. Wenyewe haudhoofishi msuli wa paja. Katika mbio fupi athari yake huonekana zaidi sehemu mbili.

Ya kwanza ni kuanza. Mkimbiaji anatakiwa asikie mlio, autambue na aondoke mara moja. Kwa wengi wao hatua hiyo huchukua muda mrefu kidogo.

Ya pili ni kugawa nguvu. Hakuna binadamu anayeweza kukimbia mita 400 zote kwa kasi yake ya juu kabisa. Lazima apime: nimetumia kiasi gani, nimebakiwa na kiasi gani? Hesabu hiyo hufanywa na ubongo, na ndiyo inayowapa shida.

Lakini kwa watoto wengi pengo huongezwa na jambo jingine: hawajawahi kufanya mazoezi. Mtoto anayekaa ndani miaka yote hunenepa, misuli hulegea na pumzi huwa fupi. Baadaye tunasema ulemavu ndio uliosababisha.

Apimwe kwanza

Kabla hajaanza mazoezi, mpeleke hospitali apimwe moyo, macho, masikio na miguu. Asiyesikia vizuri ataonekana mzito wa kuondoka, kumbe hakuusikia mlio.

Mwenye sindromu ya Down anahitaji uangalifu zaidi. Karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo, na baadhi wana mifupa ya shingo isiyoshikana imara. Akilalamika shingo, akianza kuyumba, kupata ganzi au kushindwa kuzuia haja, asimamishe mazoezi na apelekwe hospitali haraka.

Mwenye kifafa anaweza kukimbia pia, ilimradi atumie dawa zake bila kuruka, daktari aridhie na msimamizi ajue la kufanya akianguka.

Namna ya kumfundisha

Mpe agizo moja kwa wakati, kwa maneno machache, huku ukimwonyesha kwa vitendo. Ukimwambia “inama, sikiliza, ondoka, nyoosha mikono” kwa pamoja, atabaki amesimama.

Anza na mita 20 au 30, apumzike hadi pumzi itulie, kisha arudie. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha mwanzoni. Tumia ishara ileile kila siku, iwe kofi au filimbi, mpaka mwili uizoee. Wewe simama mita chache mbele ya mstari wa mwisho umwite jina, maana wengi hupunguza mwendo wanapoukaribia.

Mchunguze usoni. Wapo wasioweza kueleza maumivu au kiu. Akichechemea au akikunja uso, msimamishe, na maji yawe karibu muda wote.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17, wakiwamo wenye ulemavu, wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Si lazima ziwe za mbio. Kucheza mpira na kuruka kamba pia kunahesabika.

Special Olympics, iliyoanzishwa na Eunice Kennedy Shriver mwaka 1968 na ambayo ipo Tanzania pia, huwapanga washiriki kwa uwezo unaolingana. Kwa hiyo hata asiye na kasi kubwa hupata wa kushindana naye. Uliza shule yenye kitengo cha elimu maalumu iliyo karibu nawe jinsi ya kujiunga.

Mzazi, si lazima mwanao afike Paris. Inatosha moyo wake uwe imara, uzito wake usizidi, usiku alale vizuri, na siku ya michezo naye asimame kwenye mstari na wenzake.