Ordinatere nzee, majina yetu mikononi mwetu



Mnajua namna tulivyokuwa tunatuma makaratasi ya syndika. Liste ya walioumia shimoni tunaiweka kwenye kle, tunaipeleka kwa nyumba ya fotokopi, mwenye mashini anatutumia. Siku moja liste ilibaki kwenye mashini yake. Juma halijaisha, mwenye shimo alikuwa na majina yote, na wenzetu wawili wakaambiwa wasirudi tena. Tukasema: majina ya watu wetu hayatapita tena kwa mkono wa mtu mwingine.

Tulikuwa na ordinatere moja nzee, memori giga 1 tu. Na Windows, mtu alikuwa anamaliza ugali wake mbele haijawaka. Kijana mmoja wa hapa akatuwekea Linux, ambayo hailipiwi. Shida ikabaki moja: kuishikisha na Wi-Fi ya simu. NetworkManager, ambayo wengi wanatumia, ni nzuri, lakini pamoja na picha zake inaongeza mzigo kwa mashini dhaifu. Tukachukua iwd. Ilitengenezwa na Intel. Toleo la 1.0 lilitoka mwezi wa 10, mwaka 2019. Ni ndogo, na haihitaji wpa_supplicant ya zamani. Lakini msiwashe zote mbili pamoja: zitagombania antena moja sawa wanunuzi wawili juu ya gunia moja.

Kazi yenyewe njo hii. Mwenzetu anafungua partage kwenye simu yake. Kwenye ordinatere tunaandika iwctl, kisha:

station wlan0 scan
station wlan0 get-networks
station wlan0 connect JINA

JINA ni jina la Wi-Fi ya ile simu. Inauliza neno la siri, unaandika, imeisha. Kama haioni kitu, toka iwctl, andika rfkill list: mara nyingi antena imefungwa, na rfkill unblock wifi inaifungua. Kwetu Wi-Fi ilishika lakini intaneti haikutoka, kwa sababu hakuna programu iliyokuwa inaomba adresi. Dawa ilikuwa ndani ya faili /etc/iwd/main.conf: chini ya [General] tuliandika EnableNetworkConfiguration=true, tukazima mashini, tukaiwasha tena.

Tukimaliza kutuma, tunaandika known-networks JINA forget. Maana iwd inaweka neno la siri ndani ya /var/lib/iwd, na ikiona simu ile tena inajishikisha yenyewe. Ukiisahaulisha, mega za mwenzetu haziliwi bila yeye kujua, na mwizi wa ordinatere hakuti neno la siri.

Tusidanganyane: iwd hailindi liste ikisha kutoka. Kwa hiyo liste yenyewe tunaifunga na neno la siri mbele ya kuituma, na tunatuma paka kwa mtu tunayemjua.

Mwezi huu liste ya Kabambare imefika bila kupita kwa nyumba yoyote ya fotokopi. Wale wenzetu wawili bado hawajarudi shimoni, tunaendelea kudai. Mtoto wa mchimbaji anayejua kusoma, kijana ao binti, aje ofisini siku ya posho, saa nane. Tutamfundisha. Mtu mmoja tu akijua, akigonjwa, kazi yote inasimama.