Kanuni Inayoshindwa bila Kufutwa: Faili za Usanidi katika Programu ya Afya

Mwanafunzi wa isimu anajua kwamba kanuni ya jumla yaweza kushindwa na kanuni mahususi, nayo isifutwe. Nomino yenye ki- hudai upatanisho wa ki-: kiti kimeanguka. Hata hivyo twasema kifaru ameanguka, kwa kuwa uhai hushinda umbo. Kanuni ya ki- ingali inatawala viti na vitabu. (Kiswahili cha mazungumzo cha huku Kongo, kisemacho "kitabu iko hapa", kina mambo yake, nacho chastahili makala nyingine.)

Hali hiyo imo pia katika programu za kompyuta. Tuchukue DHIS2, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Wizara ya Afya ya nchi yetu huitumia kukusanyia takwimu. Ripoti za vituo vya Masisi na Walikale huingizwa humo katika ngazi ya zoni ya afya. Programu hii imejengwa juu ya kiunzi cha Java kiitwacho Spring. Humo, sehemu ya programu haijiundii kile inachokitegemea, bali huletewa tayari kutoka nje. Mbinu hiyo, ambayo jina lake lilienezwa na makala ya Martin Fowler ya mwaka 2004, twaweza kuiita upachikaji wa vitegemewa. Kwa mfano, sehemu inayohifadhi nyaraka haihitaji kujua kama ghala lake ni diski ya seva au ni ghala la mbali.

Nani basi huamua? Ni faili ya usanidi. Kanuni ya jumla ya DHIS2 ni diski ya seva. Atakaye ghala jingine huanza kwa kuandika mstari wa filestore.provider katika dhis.conf, faili inayokaa nje ya programu. Fundi mwenye haraka huibadilisha programu yenyewe kwa ndani. Itafanya kazi, tena vizuri, hadi toleo jipya litakapowekwa: marekebisho yake yatapotea kimya, programu itarudi kwenye diski, na mtumishi wa Pinga au Kirotshe hatauona waraka aliouweka wiki iliyopita.

Kimya hicho ndicho kibaya zaidi. Katika Spring, vitegemewa viwili vikipewa jina moja katika faili mbili, kwa kawaida kilichosomwa mwisho hushinda. Spring Boot, tangu toleo la 2.1 la mwaka 2018, hukataa kuanza mpaka mwenye programu aruhusu waziwazi. Naona walifanya vyema. Kwa dhis.conf, inatosha kuandika juu ya mstari, baada ya alama ya #, tarehe na sababu ya badiliko.